Mapenzi Yangu ya Uongo kwa Figo

Jumatatu, 10 Februari

Baridi ya kupasua masikio. Milwaukee yote imeganda. Ziwa limeganda, gari langu limeganda, hata Pheng ninayeishi naye hajatoka chini ya blanketi. Akili yangu tu ndiyo inachemka.

Hali yenyewe iko hivi. Mwezi ujao mwanzoni, sisi wa mwaka wa mwisho wa udaktari tunatakiwa kupanga hospitali tunazozitaka kwa mafunzo ya ubingwa, ya kwanza hadi ya mwisho. Hospitali nazo zinatupanga sisi. Kisha kompyuta moja inatuoanisha wote, na ikishakuoza, umeozwa. Wenzangu wanachagua kwa kuangalia mshahara, au milima ya kuteleza kwenye theluji. Watoto! Mimi naangalia mbali zaidi. Ubingwa wa magonjwa ya ndani ni mlango tu. Ninachokitaka kiko nyuma yake: ubingwa bobezi wa mfumo wa chakula. Utumbo! Madaktari wa utumbo wanalala usiku. Wana boti ziwani. Wagonjwa wao wamepigwa sindano ya usingizi, kwa hiyo hawabishi.

Tatizo, kila mtu ameligundua hilo.

Dakta Pickett, mshauri wetu, amenisihi niweke Wexley ya Chicago kuwa ya kwanza. Anasema ni kubwa, ina walimu wengi, ina utafiti, na kila mwaka inapeleka watu wanane kwenye utumbo. Nikamuuliza wanaotaka huwa wangapi. Akasema labda kumi na watano. Basi! Kumi na watano wenye viwiko vikali. Simo.

Mimi nimevumbua hospitali ndogo hapa hapa mjini, Mtakatifu Kunegunda. Ina nafasi moja ya utumbo kwa mwaka, na huwa wanampa mtu wao. Siku ya usaili nilijifanya rafiki wa kila mtahiniwa ili nijue nani anataka nini. Moyo, moyo, saratani, moyo, hajui. Hakuna utumbo. Isipokuwa mmoja, tena wa darasani kwangu: Corinne Dettmann. Wa kwanza katika mitihani. Ana makala mbili kwenye majarida. Jumamosi anawapigia wazee fidla. Binadamu wa namna hii sijui wanaruhusiwa vipi.

Pheng kajaza chaguo zake huku mimi nachemsha yai. Anataka kuwa daktari wa familia. Kaniambia nichague mahali nitakapokuwa na furaha. Maskini.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemwalika Corinne kwenye samaki wa kukaanga wa Ijumaa, desturi ya baa za hapa mjini, baa ya Zielik. Nia ni upelelezi. Nilipanga kumwambia kwa upole kwamba nimebadili mawazo, siutaki tena utumbo, ili alegee na kunieleza mipango yake.

Sikukumbuka ni siku ya wapendanao. Mhudumu kaweka ua jekundu kati ya chachandu na chapati za viazi. Corinne akalitazama ua, akanitazama mimi. Nikamwambia sikuja kwa mapenzi. Nadhani nilisema haraka mno, maana meza ya jirani wote waligeuka.

Akauliza basi nimemwitia nini. Nikasema nimeachana na utumbo. Akauliza naenda wapi. Hapo sikuwa nimejiandaa. Juu ya kichwa cha muuza pombe palikuwa na televisheni, na kwenye televisheni palikuwa na tangazo la kliniki ya kusafisha damu.

Nikasema figo.

Corinne akaweka uma chini. Figo, mtu hakimbilii. Kazi ni nyingi, wagonjwa ni mahututi, boti hakuna. Kila mwaka nafasi zinabaki wazi kama viti vya mbele kanisani.

"Wendell," akasema, "kumbe una moyo."

Nikamsahihisha kwamba ni figo.

Akalainika kabisa. Akasema alikuwa akiniogopa kidogo, na sasa tunaweza kuwa marafiki. Akanieleza kila kitu: Wexley ameiweka ya kwanza, Kunegunda ya nne. Ya nne! Nimelipa bili yote kwa furaha. Kazi iliyobaki ni kuisukuma Kunegunda hadi mkiani mwa orodha yake. Ua amelichukua yeye.

Jumanne, 18 Februari

Balaa. Profesa Lubosch kaniita ofisini.

Lubosch ni bingwa bobezi wa figo. Mzee, mrefu, tai yake siku zote ina doa la supu. Hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Leo kafunga mlango, kanishika mikono yote miwili. Corinne amemwambia. Kwa wema tu! Eti alijua mzee atafurahi.

Amefurahi. Amefurahi vibaya mno. Kaniambia hakuna mwanafunzi wa chuo hiki aliyekuja kwake kwa hiari tangu kijana mmoja ambaye naye baadaye alikimbilia usingizi, maana yake ubingwa wa kutoa dawa ya usingizi. Akavua miwani akaifuta. Nikatazama dirishani ili nisione anafuta nini kingine.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini akanitia mikononi kitabu cha figo kizito kama mtoto wa miezi sita, chenye sahihi yake, na kuniambia nianze kesho wodini kwake. Pia atawapigia simu rafiki zake wakuu wa hospitali zote nilizoomba. Nikasema hakuna haja. Akasema:

"Acha unyenyekevu, kijana wangu. Watu kama wewe wanatakiwa kusemewa."

Nimemsimulia Pheng. Kacheka mpaka kakaa sakafuni.

Ijumaa, 21 Februari

Theluji usiku kucha. Barabara zimefungwa nusu ya mji. Nimetembea hadi wodini kwa miguu kwa ajili ya kiungo nisichokipenda.

Mchana kaletwa mzee mmoja, Ervin Stelmach, mstaafu wa kiwanda cha bia. Damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, na kwa sababu ya theluji alikuwa amekosa mara mbili. Waliokuwepo wakamwona ni mzee mchovu tu, wakamweka kwenye foleni. Kaniuliza kama mimi ndiye yule kijana anayezitaka figo. Nikasema ndiyo, maana Lubosch alikuwa karibu.

"Basi chukua zangu," akasema. "Hazina kazi."

Nikacheka, nikamshika mkono kupima mapigo, na nikaacha kucheka. Yalikuwa yakienda polepole mno, kama mtu anayepanda ngazi na mizigo. Miguu yake imelegea. Sikusubiri kuagizwa. Nikavuta mashine ya umeme wa moyo, nikambandika waya, na mistari ikatoka imechongoka kama mahema. Potasiamu! Imejaa kwenye damu na moyo uko mbioni kusimama. Nikampigia kelele daktari wa zamu, tukampa kalsiamu kwenye mshipa, na mistari ikaanza kushuka hapo hapo, mbele ya macho yangu. Saa mbili baadaye alikuwa kwenye mashine anauliza kama kuna pudini.

Nikaenda choo cha wafanyakazi nikakaa tu. Sijui ni nini. Njaa, pengine.

Nilipotoka, Lubosch alikuwa nje ya mlango. Akanigusa bega.

Nimejiharibia kabisa.

Jumapili, 23 Februari

Leo nimeshughulikia Kunegunda. Nimemkuta Corinne maktaba, nikakaa, nikahema kama mtu mwenye siri nzito. Nikamwambia nimesikia mambo. Mkurugenzi wa mafunzo pale, Dakta Rourke, anafokea watu mbele ya wagonjwa. Chakula ni cha jela. Na madaktari wanafunzi wanalia kwenye lifti.

Hilo la lifti nililitunga papo hapo, na naliona zuri sana. Mtu akisikia wanalia tu, hashtuki. Wakilia kwenye lifti, anawaona.

Corinne akafunga kitabu chake. Akasema hilo ni jambo zito, na akanishukuru kwa kumwambia. Nikaona aibu kidogo kifuani. Nikanywa kahawa ikapita.

Ijumaa, 28 Februari

Kuna watu hawadanganyiki kwa sababu ni wema mno. Hili halikuwemo katika hesabu zangu.

Corinne hakuiondoa Kunegunda. Ameenda Kunegunda! Aliomba ruhusa akashinda kutwa nzima wodini, kwa sababu, kwa maneno yake, kama watu wanalia kwenye lifti lazima mtu aende kuwaangalia. Kapanda lifti juu na chini. Kakutana na watu wanacheka, na mmoja kabeba keki. Rourke kaacha kazi zake akakaa naye wakala supu ya shayiri, tena Corinne anasema ni supu bora kuliko ya bibi yake. Wakazungumza kuhusu utumbo. Rourke kamwambia milango iko wazi.

Sasa Kunegunda ni chaguo lake la kwanza.

Aliniambia haya kwenye korido, uso unang'aa. Kisha akakunja uso.

"Lakini Wendell, nani alikudanganya vile? Huyo mtu ana roho mbaya."

Nikakubali kwamba ana roho mbaya sana.

"Mwambie aache. Angeniharibia maisha."

Nikaahidi kumwambia.

Jumatano, 5 Machi

Mwisho wa kuwasilisha ni saa mbili usiku. Nimekaa mbele ya kompyuta tangu mchana, nimevaa koti kwa sababu Pheng anabana matumizi ya joto.

Dakta Pickett kanipigia. Kasema tena Wexley. Kasema kama kweli bado nautaka utumbo, kule kuna watu wa kunisimamia na kunifundisha utafiti, na kwamba nafasi moja ni nafasi moja hata ukiizunguka vipi. Nikamwambia kwa upole kwamba anafikiri kama mtu wa kawaida.

Kisha kapiga Lubosch. Ameshaongea na Rourke. Rourke kafurahi sana kumpata kijana wa figo, na Lubosch amemsimulia habari ya Stelmach kwa urefu. Nimesikia mwenyewe kwenye simu jinsi mzee alivyokuwa anatabasamu.

Nikaanza kufikiri. Corinne anasema Kunegunda ya kwanza. Lakini kwa nini ananiambia mimi? Mimi ningekuwa yeye ningesema Kunegunda halafu niweke Wexley. Kwa hiyo ameweka Wexley. Kwa hiyo Kunegunda iko wazi. Kwa hiyo Kunegunda!

Nikamweleza Pheng hoja yangu. Alikuwa anakula wali na soseji. Akatafuna, akameza, akasema:

"Kaka, yule dada hajawahi kusema uongo hata siku moja. Unamfikiria kana kwamba ni wewe."

Nikamwambia aendelee kula.

Nimeiweka Kunegunda ya kwanza. Wexley ya pili. Saa mbili kasoro kidogo nikabonyeza. Kisha nikatamani kubonyezua, na hakuna kitufe cha hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Leo wanakuambia kama umepata mahali au umebaki. Mahali penyewe hawasemi hadi Ijumaa. Sijui nani alibuni utaratibu huu, lakini naamini alikuwa bingwa wa maumivu.

Asubuhi yote sikuweza kula. Mawazo mabaya yalinijia. Kwamba hospitali zote zimekaa kikao na kugundua mimi ni mtu wa aina gani. Nikamwona mama yangu akiwaambia majirani. Nikaahidi, kimya kimya, kwamba nikipata mahali popote nitakuwa mtu mnyoofu.

Ujumbe ukaingia. Nimepata! Pheng naye amepata. Tumekumbatiana jikoni, sufuria ikaungua.

Ahadi ile niliitoa kwa shinikizo, kwa hiyo haihesabiki.

Ijumaa, 21 Machi

Ukumbi umejaa. Familia, maputo, mikate ya mviringo yenye jibini. Mama kaja na gauni la zambarau na shangazi wawili. Saa tano kamili tukafungua bahasha.

Mtakatifu Kunegunda.

Sikupiga kelele. Nilisimama tu nikalisoma jina, na mwili wote ukawa mwepesi. Mama alilia begani kwangu kwa sababu sitahama mji. Kwa kitambo kidogo nilikuwa mtu mwenye furaha, na sikuwa ninapanga lolote.

Kisha nyuma yangu nikasikia jina lile lile likisomwa kwa sauti. Corinne. Akanirukia, akaniambia tutakuwa pamoja miaka mitatu, yeye utumbo, mimi figo, na anajisikia yuko na kaka yake.

Na Lubosch akaja. Tai mpya, haina doa. Akampa mama mkono, akamwambia kwa sauti ya kutosha meza nne kwamba mwanawe ndiye kijana pekee wa mwaka huu mwenye ujasiri wa kuchagua wagonjwa badala ya starehe. Akasema Rourke amemwandikia kuwa kule nafasi za ubobezi wa figo ni mbili na hazigombaniwi, kwa hiyo nikifanya kazi yangu vizuri tu, nimefika.

Mama akanigeukia. Hakuwahi kuniangalia hivi nilipofaulu mtihani wowote.

"Figo, mwanangu? Hukuniambia. Mjomba wako Stan alikufa kwa figo."

Nikafungua kinywa kusema kweli. Nathibitisha hapa kwamba nilikifungua. Lakini shangazi wote wawili walikuwa wameshaanza kulia, na Lubosch alikuwa anawagawia leso.

Jumapili, 30 Machi

Jana Corinne kanialika kahawa. Hakuzunguka. Kauliza kama habari ya lifti niliitunga mimi. Nikasema niliisikia mahali. Akasubiri. Ana namna ya kusubiri ambayo inapaswa kupigwa marufuku. Nikasema ndiyo, ni mimi.

Nilitegemea anirushie kikombe. Akatazama tu nje, pale barafu ya mwisho inapoyeyuka kwenye maegesho.

"Na figo?"

Nikasema na figo pia.

"Sasa Stelmach je? Ulimshika mkono kwa uongo?"

Nikasema hapana. Mapigo yalikuwa polepole, nifanye nini? Akatikisa kichwa.

"Wewe ni daktari mzuri, Wendell, ukisahau kuwa mjanja. Kaa na hizo figo. Na mwambie Lubosch kweli kabla hajasikia kwa mtu mwingine, maana mimi sitamficha akiniuliza."

Akalipa kahawa yake, na yangu, akaondoka.

Sikulala vizuri. Nilifikiri sana, kwa unyofu, kama mtu anavyotakiwa. Niliona kwamba nimemuumiza mtu aliyenitendea wema, na kwamba mzee mmoja amenipenda kwa jambo ambalo silo. Niliona pia kwamba kuna kazi ambayo mikono yangu inaijua, na ipo wazi, na haina mshindani. Kufika alfajiri nilikuwa nimeelewa vizuri sana kosa langu lilikuwa wapi.

Nilichagua kiungo kibaya.

Figo zina wapweke. Ukizitaja wanakukumbatia. Ningetaja kiungo chenye watu wenye shughuli zao, nisingemkuta Lubosch mlangoni.

Na wala hakuna muda wa kupoteza. Asubuhi tumeanza kuandikiana wote tutakaoingia Kunegunda mwezi Juni, na kuna mtu wa Iowa anaitwa Lyle Brandvold. Kajieleza kwa aya tatu. Katika ya pili anataja utumbo. Utumbo! Lubosch nitamwambia kweli, bila shaka, baada ya Pasaka. Lakini huyu lazima atulizwe mapema. Nimemwandikia kirafiki kabisa kwamba mimi binafsi sina haja na utumbo wala figo, roho yangu yote iko kwenye mapafu.

Kajibu hapo hapo. Anasema amefurahi mno, kwa sababu mkuu wa mapafu wa Kunegunda ni mama yake mzazi, na ameshamsomea barua yangu kwa simu. Mama huyo amesema niende kula kwao Jumapili ijayo, pamoja na mama yangu.

Nimekubali. Naona mambo yananinyookea.